Neno Lililotazama Barabara ya Lalago

Mimi simwamini mtu. Nalisema mapema tusije tukalaumiana. Ni karani wa kupokea pamba kwenye ghala la chama cha msingi upande wa Kasoli, na kazi yangu ya kwanza kila msimu siyo kupima wala kuandika, ni kukunja mkono wa blauzi na kuuzamisha mkono ndani ya gunia la mtu mpaka kwapani. Juu pamba huwa nyeupe, inapendeza, hata mtoto mchanga ungemlaza. Chini ndiko kwenye mambo. Nimetoa mchanga, nimetoa kokoto, nimetoa pamba iliyomwagiwa maji ili iongeze uzito, na siku moja nikatoa sufuria bovu. Mwenye gunia akaniapia kwa mama yake mzazi kwamba sufuria lile limejiingiza lenyewe. Nikamwambia, "Sawa, baba. Basi litoke lenyewe, lirudi nyumbani kwa miguu."

Ndiyo maana jioni ile, niliporudi nyumbani kwangu Bariadi nikawakuta mama yangu na binti yangu wamekaa mkekani uani, wanachambua maharage na kuongea lugha nisiyoijua hata neno moja, sikucheka. Mwingine angecheka. Mimi nilisimama getini na pochi yangu begani, nikatega sikio. Haikuwa Kisukuma, haikuwa Kiswahili, haikuwa Kiingereza cha shuleni. Binti alisema kitu, mama akamjibu, wakaangua kicheko wote wawili. Waliponiona wakanyamaza.

"Mnanisengenya?" nikauliza.

"Mwadila," mama akasema, ile salamu yetu ya jioni, kama vile sijauliza kitu.

Mama yangu nilikuwa nimemleta mjini kutoka Lalago baada ya baba kufariki. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikuja siku chache baada ya msiba akaswaga ng'ombe wote wa pale nyumbani akawapeleka kwake. Alisema anawatunza tu, mjane hawezi kulala peke yake na zizi limejaa, wezi watamwua. Maneno matamu, juu meupe kabisa. Mama hakubishana. Alifunga khanga zake, akapanda gari, akaja kwangu. Kila mwaka alimtumia shemeji yake salamu za kuuliza mifugo, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: wazima, wananenepa, usiwe na wasiwasi. Mwaka huo ninaousimulia alikuwa ameamua kwenda mbele ya wazee wa ukoo baada ya mavuno, awadai rasmi. Hilo lishike, kwa sababu ndilo lililoleta yote.

Na jambo jingine la kushika ni macho yake. Mama amepika miaka yote kwa samadi kavu na mabua ya pamba, na moshi wa vitu hivyo hauna huruma. Macho yake ni mekundu. Kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee siyo jambo la mzaha. Watu wanakuangalia mara mbili, kisha wanaangalia kwingine, na wanawake wazee wamekufa kwa panga kwa sababu ya macho ya namna hiyo na mdomo wa jirani. Sisemi hadithi. Kila mtu wa huku anajua.

Sasa turudi kwenye lugha. Nilimbana binti yangu jikoni, akaniambia bila kuficha. Alikuwa na nchi yake aliyoibuni, iko chini ya mawe makubwa kama yale unayoyaona ukitoka mjini, na watu wake wameumbwa kwa mawe. Hawafi, wanapata nyufa tu. Alikuwa akiichora nchi hiyo tangu darasa la tano. Kisha akaona watu wake wa mawe hawawezi kuongea Kiswahili, haikuingia akilini mwake, akaanza kuwatengenezea lugha. Bibi alikuwa peke yake mchana kutwa, akajiunga. Mama yangu, ambaye Kiswahili chenyewe anakiongea kwa kukisukuma, akawa raia wa nchi ya mawe.

"Na lugha yenyewe ina sharti," binti akasema. "Kila neno lazima liwe na mama yake. Huwezi kusema tu blablabla. Lazima uonyeshe limezaliwa na kitu gani ulichokisikia au ulichokishika. Likishazaliwa linaweza kuhama, likafanya kazi nyingine, lakini haliruhusiwi kumkana mama yake."

Mungu wangu! Mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nikamwambia anionyeshe, maana mimi gunia siliachi bila kulichokonoa.

Akanionyesha. Geti letu ukilifungua linalia krii. Basi krii lilizaliwa likiwa na maana ya geti. Baadaye likawa mgeni, kwa sababu geti likilia kuna mtu anaingia. Mgeni akija mara mbili siku hiyo hiyo anaitwa kriikrii, yaani mpelelezi. Shwaa ni sauti ya maji yakimiminwa kutoka kwenye dumu. Lilianza kama maji tu, lakini mtaani kwetu bomba linaweza kukauka wiki nzima, kwa hiyo likahama, likawa neema, likawa habari njema. Bodo lilizaliwa siku nilipolazimika kumsaidia dereva wa bodaboda aliyeishiwa mafuta kusukuma pikipiki kwenye kilima. Niliingia ndani ninahema, binti akaniangalia, neno likazaliwa. Kwanza lilikuwa pikipiki isiyo na mafuta, kisha mtu yeyote aliyechoka, na sasa ni jioni, kwa sababu jioni kila mtu amechoka. Na fifili lilikuwa langu! Lilitoka kwenye pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini ninayoilalamikia kila nikirudi kazini. Kwenye nchi ya mawe fifili ni mtu anayependeza juu na chini ana mchanga.

Nikajikuta nimefurahi, nikaficha. Salamu yao ya asubuhi ilikuwa "Shwaa krii," neema na iingie getini. Kweli kabisa, ni salamu nzuri kuliko nyingi ninazopewa ghalani.

Lakini kulikuwa na neno moja lililonikwama. Kila alfajiri mama hunyunyiza maji uani kutuliza vumbi kabla ya kufagia. Akimaliza kufagia husimama getini na ufagio mkononi, anageukia barabara ya Maswa, ndiyo hiyo hiyo ya kwenda Lalago, anasema taratibu, "Gulindo." Mara moja tu. Kisha anaingia ndani kuchemsha uji.

"Na hilo mama yake nani?" nikamuuliza binti.

"Hilo ni la Bibi. Amesema mama yake yupo, ila hajanitajia."

"Na wewe ukalikubali hivyo hivyo? Si ulisema kuna sharti?"

"Bibi hadanganyi, Mama."

Nikamfuata mama mwenyewe. "Mayu, Gulindo ni nini?"

"Niache nifagie," akasema.

Nikamwacha, lakini sikuridhika. Nilijiuliza usiku na mchana. Ni mama yangu, ndiyo. Lakini kazi yangu imenifundisha kwamba gunia usiloruhusiwa kuingiza mkono ndilo gunia la kuingiza mkono.

Mtaani mambo yakaanza kubadilika polepole. Jirani yangu, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, aliyekuwa akija kuomba chumvi, kiberiti, hata dawa ya meno, akaacha kuomba. Nikasema afadhali, nimepumzika. Kisha nikaona anawaita wanawe wakikaribia geti letu. Salamu yake ikawa fupi, anaitoa huku anatazama miguu yangu. Asubuhi moja nikakuta majivu yamemwagwa mbele ya geti, mstari mzima, siyo bahati mbaya. Mtoto wake mdogo alikuwa ameugua homa wiki hiyo, na ingawa alipona kwa dawa za hospitali, nilijua homa ile inatafutiwa mwenyewe.

Nikajiambia, haya, limeanza. Nikaanza kumshuku kila mtu. Muuza mkaa alipouliza "Bibi hajambo?" nilimuuliza anataka kujua kwa nini. Niliwashuku hata waliokuwa kimya, kwamba wamenyamaza kupita kiasi.

Kumbe nilikuwa sahihi, ila sikujua ukubwa wake. Mwenzangu mmoja ghalani alinivuta pembeni, akanionyesha simu yake. Kulikuwa na video imetumwa kwenye grupu la wasapu la mtaa wetu. Mimi sikuiona kwa sababu nilikuwa nimetolewa kwenye grupu bila kuambiwa. Ilikuwa imepigwa kutoka juu ya ukuta. Mama yangu na ndoo, anachota maji kwa kiganja, ananyunyiza uani, macho mekundu, khanga kichwani, anasema, "Shwaa krii. Shwaa krii." Anacheka peke yake. Kisha sauti ya jirani yangu, ya chini: "Mnaona wenyewe."

Nikamrudishia simu yake. Niliomba ruhusa, nikapanda pikipiki, nikashukia mlangoni kwa jirani.

"Umemrekodi mama yangu?"

"Mimi nina watoto wadogo, dada," akasema. "Mwambie mama yako aseme anaongea na nani alfajiri ile."

"Na mjukuu wake!"

"Mjukuu mbona haonekani?"

Haonekani kwa sababu alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki, wanasalimiana kwa sauti! Nilimweleza. Nilimweleza geti, dumu, bodaboda, nchi ya mawe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kurudi nyuma. Nilijisikia mwenyewe ninavyosikika. Nikamtukana, sitaficha, nikaondoka.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao Jumapili mchana, nje ya ofisi yake, na kabla hakijaanza nikamwona aliyekuja. Baba mdogo. Ametoka Lalago kote huko, koti la sherehe, fimbo mkononi, amekaa mstari wa mbele. Video ilikuwa imemfikia. Alimsalimia mama kwa heshima zote, "Mwangaluka, shemeji," wakati jua liko utosini na mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Nikasema moyoni, huyu akili yake iko kwingine kabisa.

Akaomba kuzungumza. Akasema amesikitika sana, ni aibu ya ukoo, na yeye kama mkubwa aliyebaki amekuja kumchukua shemeji yake arudi nyumbani, akatafutiwe mganga, asije akawaletea watu wa mjini matatizo. Watu wakaguna kukubali. Jirani yangu akaitikia kwa kichwa.

Nilijua Lalago video imeshafika kabla yake, na mama akishuka kwenye gari kule hatashuka kama mjane wa kaka yake, atashuka kama yule wa kwenye simu. Hatamaliza kiangazi. Na hata akiponea chupuchupu, nani atamsikiliza mbele ya wazee wa ukoo? Mchawi hadai ng'ombe. Hapo ndipo nilipoliona gunia zima, juu mpaka chini.

Nikasimama. "Mwenyekiti, maneno yaliyosemwa kwenye video yanaitwa uchawi. Naomba mwenye lugha aulizwe."

"Mwenye lugha nani?"

Binti yangu akasimama. Alikuwa amevaa sketi ya shule, ndiyo nguo yake nzuri. Watu wakacheka kidogo, mwenyekiti akawanyamazisha. Akaanza. Alieleza sharti lake, kila neno na mama yake. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa kupenda ushahidi, akasema, "Haya, shwaa." Binti akachukua dumu lililokuwa pembeni ya ofisi, akalimimina. Shwaa. "Krii." Binti akaomba mtu aende akafungue geti letu, lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kijana mmoja akaenda. Geti likalia, kikao kizima kikasikia, na watu wakacheka, safari hii kicheko kingine. Alipofika kwenye bodo wakanigeukia mimi. Alipofika kwenye fifili, mkulima mmoja aliyewahi kuniletea mchanga akainamisha kichwa.

Nikaanza kupumua. Hata jirani alikuwa anatabasamu kidogo. Kisha akakumbuka.

"Kuna jingine," akasema. "Akimaliza kufagia anageukia barabara ya Maswa. Anasema Gulindo. Hilo nalo limetoka wapi?"

Kicheko kikakatika. Binti yangu akanitazama, akamtazama bibi yake, akasema ukweli, maana ndivyo nilivyomlea na siku hiyo nilijuta. "Hilo siyo langu. Ni la Bibi. Sijui mama yake."

Nilisikia mtu nyuma akisema, "Sasa tumefika." Nikamwangalia mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani.

Na hapo, badala ya mama niliyemtegemea ajibu, aliyesimama ni baba mdogo.

"Jamani, tusipoteze muda," akasema. "Mtoto ameeleza vizuri. Ni mchezo tu wa watoto. Mimi nimeridhika. Shemeji abaki na binti yake, sisi tuendelee na shughuli zetu." Na akaanza kufunga vifungo vya koti.

Watu wengi wakafurahi. Mwenyekiti alikuwa tayari anafunga daftari lake. Ilikuwa imekwisha, mama yangu amepona, ningenyamaza tu tungekwenda nyumbani kunywa chai. Lakini mimi mkono wangu umeishi kwenye magunia. Mtu aliyenyanyua gunia kwa taabu, amelivutavuta mpaka kwenye mizani, ukitaka kuingiza mkono akasema ghafla basi, nimeghairi kuuza, nalirudisha nyumbani, huyo usimwachie. Mtu huyu ametoka Lalago kumchukua mama yangu. Amesikia neno moja, sasa hamtaki tena.

Na nikaogopa pia, kwa sababu sikujua jibu. Kama neno lile lilikuwa na jambo baya, ningekuwa nimemwua mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya mtaa mzima. Nilimwangalia tena. Safari hii naye alikuwa ananiangalia, na macho yake mekundu yalikuwa yametulia kabisa.

"Asiondoke mtu," nikasema. "Gulindo limetoka wapi? Mayu, sema."

Mama hakusimama. "Muulize shemeji," akasema. "Alikuwepo."

"Mimi?" Baba mdogo akacheka. "Mimi nitajuaje maneno ya..."

"Mume wangu alipokuwa anaumwa mwishoni," mama akasema, kwa Kiswahili chake cha kusukuma, polepole ili wasio Wasukuma nao wasikie, "kulikuwa na mtamba mmoja, mweupe na mabaka mekundu. Akasema, huyu ni wako, mke wangu, siyo wa ukoo. Umeniuguza. Alimtengenezea kengele kwa kipande cha bomba la chuma, akaning'iniza boliti ndani. Hakuwa na nguvu za kukipiga nyundo vizuri, upande mmoja ukabonyea. Kwa hiyo boliti ikigonga upande huu inasema gulu, ikigonga ule uliobonyea inasema ndo. Gulu-ndo. Tukacheka. Ulimi ukalilainisha, tukamwita Gulindo. Shemeji alikuwa amekaa pale pale kitandani kwa kaka yake. Na ndiye aliyemswaga."

Mimi nilikuwa nimeshaolewa, niko Bariadi. Mtamba huyo sikuwahi kumwona. Nilisimama pale nimeduwaa, machozi yananitoka bila kuniomba ruhusa, kwa sababu kumbe kila alfajiri mama yangu alikuwa anamwita ng'ombe wake, na mimi nilikuwa namshuku.

Mwenyekiti akamgeukia binti. "Na kwenye nchi yenu hiyo ya mawe, maana yake nini?"

"Bibi hakuniambia maana, nikaibuni kutokana na anavyosimama," binti akasema. "Gulindo ni kitu chako kinachokaa kwa mtu mwingine, na yeye anajua."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo akakohoa. Akasema ni kweli, alikuwepo ng'ombe wa namna hiyo, lakini amekufa kwenye ukame uliopita, alishindwa tu kumwambia shemeji asimtie uchungu. Akaapa. Akasema ataleta hata kengele kama ushahidi. Mwenyekiti akasema ilete.

Ikaletwa wiki iliyofuata na dereva wa bodaboda, imefungwa kwenye mfuko wa rambo. Kipande cha bomba, boliti ndani, na upande mmoja umebonyea kama alivyosema mama. Kutu ilikuwepo. Jirani yangu, ambaye alikuwa amefuta video na ameanza tena kuomba chumvi, alipoiona akasema, "Maskini, pole Bibi." Mwenyekiti naye akaja, akaishika, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mimi niliigeuzageuza nikitafuta mchanga, sikuuona.

Mama akaipokea. Akainyanyua karibu na sikio, akaitikisa.

Ikalia kili-kili, kili-kili.

Akaitikisa tena, upande mwingine. Kili-kili. Akaiweka chini mkekani, na nikaona uso wake unafunguka, kitu ambacho sijakiona tangu baba afariki.

"Hii siyo yake," akasema. "Basi yake bado iko shingoni."

Weee! Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, akapiga paja lake. Mtu hatengenezi kengele ya uongo ya ng'ombe aliyekufa kweli, na ya kweli hakuthubutu kuivua shingoni, wachungaji wangeuliza kwa nini.

Tulikwenda bila taarifa. Mama, mimi, binti, mwenyekiti aliyekubali kuwa shahidi, na jirani yangu, ambaye hakualikwa lakini alipanda gari akasema amerekodi ubaya, acha arekodi na huu. Sikumwamini, nikamwacha apande. Tulishuka Lalago mchana, tukapita kwa mzee mmoja wa ukoo tukamchukua, wala hatukwenda kwa baba mdogo. Mama alisema hakuna haja ya kuuliza mtu. Tukasimama kwenye lambo, pale mifugo inapokunywa maji jua likipoa.

Makundi yalikuja moja baada ya jingine, vumbi na kwato na kengele za kila aina, na kila kundi mama alitikisa kichwa, hapana. Kisha likaja kundi la baba mdogo, na yeye mwenyewe nyuma yake. Alipotuona akasimama. Akaanza kuongea kwa sauti kubwa kuhusu adabu na kuvamia mifugo ya watu. Mama alinyanyua mkono, siyo kumkatiza, ni kwa sababu alikuwa anasikiliza.

Katikati ya kundi, chini kabisa ya kelele zote: gulu-ndo. Gulu-ndo.

Binti yangu alinishika mkono akaniminya mpaka nikaumia. Mtoto alikuwa amelitumia neno lile mwaka mzima, hajawahi kumsikia mama wa neno lenyewe.

"Kengele zinafanana," baba mdogo akasema, jasho linamtoka. "Chuma ni chuma."

Mama akasogea mpaka ukingoni mwa maji. Akasimama vile vile anavyosimama getini kwangu, akasema kwa sauti ile ile, wala hakuipandisha. "Gulindo."

Ng'ombe mmoja mweupe wa mabaka mekundu, mzima, mkubwa, na ndama pembeni yake, alinyanyua kichwa kutoka majini. Alisimama kidogo, maji yanamdondoka mdomoni. Kisha akapita katikati ya wenzake, gulu-ndo, gulu-ndo, akaja moja kwa moja mpaka kwa mama yangu, akamwekea pua kifuani. Jirani yangu alikuwa ameshika simu, lakini alikuwa analia, sijui kama alirekodi kitu. Mzee wa ukoo alimgeukia baba mdogo, akamwangalia tu.

Mama akamshika ng'ombe wake pembe, akamfuta tope usoni kwa ncha ya khanga.

"Shwaa krii," akamwambia. Na hakuna mtu pale lamboni aliyeuliza maana yake.